Wageni watatu, risasi tatu: kwa nini kila nchi ina yake, na wewe ununue ipi

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 27, ni mfuatiliaji nyayo kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii kwa mwaka wa sita sasa, na nimeanza kujiandaa niwe mwindaji bingwa, yule mwenye leseni anayewaongoza wageni. Msimu uliopita tulipokea wageni watatu mfululizo. Mjerumani alikuja na 9.3x62, akasema hakuna risasi nyingine duniani. Mmarekani alikuwa na .30-06 kwa swala na .375 kwa nyati, akasema ile ya Mjerumani ni ya makumbusho. Mswidi naye akaniambia kwao wanaangusha mnyama mkubwa kama pofu jike kwa 6.5x55, ambayo mimi nikiitazama naona kama kalamu. Nani anasema kweli? Kama kuna risasi bora, kwa nini nchi zote zisitumie hiyo moja? Halafu babu yangu amefariki, akaacha Mauser, bunduki ya Kijerumani ya zamani, iliyoandikwa 9,3x62 kwenye mtutu. Baba anasema nianze na hiyo, nisipoteze pesa. Naomba ushauri.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa babu.

Wageni wako wote watatu wamesema kweli, ila kila mmoja amekupa kweli ya kwao. Wewe, nionavyo, unaogopa kumaliza akiba ya misimu kadhaa kwenye bunduki, kisha ugundue kwamba wenye uzoefu walijua jambo ambalo wewe hukulijua. Nikutoe hofu hiyo mapema. Risasi ikipendwa na nchi nzima, tafuta sababu kwanza kwenye jeshi la nchi hiyo, kisha kwenye sheria zake, wanyama wake na maduka yake. Ubora wa risasi yenyewe huja nyuma ya hayo yote. Ndiyo maana jibu la Stockholm ukilipeleka pori la Rungwa linaweza kukuponza.

Tuelewane kwanza kuhusu majina, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi hudanganyika. Panga mezani .308 Winchester, .30-06 na .300 Winchester Magnum. Ukitazama vichwa tu, yaani kile kipande kinachoruka na kumpiga mnyama, kipenyo ni kilekile, milimita 7.8. Kinachotofautiana ni ganda: la kwanza lina urefu wa milimita 51, la pili 63, la tatu karibu 67 na lina mkanda mnene kuzunguka kitako. Ganda kubwa hubeba baruti nyingi zaidi, kwa hiyo kichwa kilekile hutoka kwa kasi zaidi. Namba ya kwanza kwenye jina haikuambii nguvu. Jina 9.3x62 lina maana ya kichwa cha milimita 9.3 na ganda la milimita 62. Ile 06 ya .30-06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Mzungu wa Ulaya bara hupima kwa milimita, Mwingereza na Mmarekani kwa inchi, na hilo peke yake limewafanya watu wengi waamini wanazungumzia vitu tofauti kabisa.

Na hapa nasisitiza: risasi kuingia kwenye chemba, ile nafasi nyuma ya mtutu inapokaa risasi, si ruhusa ya kuipiga. Ile .308 inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06, ganda likakosa pa kuegemea, likapasuka na gesi ikakurudia usoni. Soma maandishi ya kwenye kitako cha ganda, soma ya kwenye mtutu, na yalingane herufi kwa herufi.

Sasa tuanze na Mswidi na kalamu yake. Sweden na Norway zilikubaliana juu ya 6.5x55 mwaka 1894, wakati nchi hizo bado ziko chini ya mfalme mmoja. Kijana wa Kiswidi alifunzwa kulenga kwa risasi hiyo jeshini, akaendelea nayo kwenye klabu ya shabaha ya kijijini, kisha akaingia nayo msituni kuwinda. Baba alimfundisha mwana. Baada ya vizazi vitatu, nani atamshawishi aiache? Lakini mazoea peke yake yasingetosha. Kichwa cha 6.5x55 ni chembamba na kirefu, chenye gramu 10 hivi. Kichwa kirefu cha namna hiyo huenda moja kwa moja na kuzama ndani sana, na wale kulungu wakubwa wa kaskazini, ambao dume lao hukaribia kilo 500, hupigwa kwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, na wawindaji wanaolazimika kufaulu mtihani wa kulenga kabla ya kupewa kibali. Sheria ya Sweden kwa wanyama wakubwa inataka kichwa cha angalau gramu 9 chenye nguvu ya jouli 2,700 kikiwa umbali wa mita 100, au kichwa cha gramu 10 na zaidi chenye jouli 2,000. Risasi ya mgeni wako inapita kwa mlango huo wa pili. Kwa hiyo hakukudanganya. Alichosahau kukuambia ni kwamba kulungu wake, akijeruhiwa, kwa kawaida hukimbia. Nyati hurudi.

Mmarekani naye ni hadithi ya jeshi. Wanaume kwa mamilioni walibeba .30-06 katika vita viwili vikuu, wakarudi nyumbani wakiijua kama wanavyojua jembe lao, na bunduki za ziada za serikali zikauzwa kwa raia. Makaburu wa Afrika Kusini waliizoea 7x57 ya Mauser kwenye vita vya 1899 hadi 1902, na mpaka leo kule inaheshimiwa. Kanada na Australia zilibaki na .303 ya Waingereza kwa miongo mingi. Mrusi bado anawinda kwa risasi ya jeshi ya mwaka 1891. Ukitaka kukisia risasi ya mgeni kabla hajafungua sanduku lake, jiulize babu yake alikuwa askari wa jeshi gani.

Jeshi hilohilo, kwa upande mwingine, limefanya risasi fulani zikosekane. Ufaransa iliwawekea raia vikwazo vikali vya risasi za kijeshi kwa muda mrefu, hadi sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2013. Hivyo Mfaransa aliyetaka nguvu kama ya .30-06 alichukua 7x64 ya Wilhelm Brenneke, fundi wa Kijerumani aliyeitoa mwaka 1917, kwa kuwa hakuna jeshi lililokuwa likiitumia. Ukikutana na Mfaransa mwenye umri mkubwa akiisifu 7x64, anaisifu kwa haki, ni risasi nzuri, lakini chanzo cha mapenzi hayo ni katazo.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha India, kwa sababu kilitufikia hadi huku. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliwinda tembo na nyati kwa bunduki za mitutu miwili za .450. Serikali yao ikaogopa kwamba waasi wa India na Sudan wangepata vichwa vya risasi hizo na kuvitumia kwenye bunduki za zamani za jeshi za Martini-Henry, zilizokuwa za kipenyo hichohicho. Ikapiga marufuku .450 katika nchi hizo mbili. Mafundi wa London na Birmingham, ambao soko lao kubwa lilikuwa India, walihangaika kuziba pengo: wakaingia sokoni na .465, .470, .475, vipenyo vipya ambavyo katazo halikuvitaja. Kati ya hizo .470 ndiyo iliyoshinda, ikaja Afrika Mashariki pamoja na wawindaji na mabwana nyama, na mpaka leo mwindaji bingwa mwenye bunduki ya mitutu miwili huku kwetu huenda ukaikuta ni .470. Nyati wa Selous hakuwahi kudai .470. Imefika kwake kwa sababu ya hofu ya maofisa waliokuwa Calcutta.

Sheria za leo zinafanya kazi ileile kimyakimya. Ujerumani inataka kipenyo kisichopungua milimita 6.5 na jouli 2,000 umbali wa mita 100 kwa wanyama wote wenye kwato isipokuwa kulungu mdogo, ambaye kwake jouli 1,000 zinatosha. Sasa tazama .243 Winchester ya mwaka 1955. Kipenyo chake ni milimita 6.2 tu. England mtu anaweza kuwinda nayo hata kulungu mwekundu mkubwa, na imeenea sana huko. Ujerumani huruhusiwi kumpiga nguruwe pori nayo, hata ukilenga namna gani. Mjerumani anayetaka bunduki moja ya kazi zote hawezi kuinunua. Hapo hatuna haja ya kubishana kuhusu ubora.

Aina ya bunduki nayo huchagua risasi. Wajerumani na Waaustria wanapenda bunduki za kukunjwa katikati, nyingine zina mitutu mitatu, wa risasi na wa marisau kwa pamoja. Bunduki za namna hiyo hutoa ganda kwa urahisi zaidi likiwa na ukingo kwenye kitako, ndiyo maana utakuta maganda yao yenye herufi R mwishoni: 7x65R, 9.3x74R. Wamarekani walipenda bunduki ya wenzo, inayoshindiliwa kwa kuvuta mpini ulio chini yake, na .30-30 ya mwaka 1895 imepigwa kwayo na watu wasiohesabika. Risasi hukaa mstari mmoja kwenye bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kiwashio cha iliyo mbele yake. Ncha kali ingeweza kuilipua, hivyo vichwa vikafanywa butu, na kichwa butu hupoteza kasi haraka. Kwenye misitu ya mashariki mwa Marekani, ambako mnyama huonekana umbali wa mita 60, hilo halina tatizo. Kwenye mbuga wazi, kama uwanda wa Umasaini, ungelihisi mara moja.

Halafu kuna joto, ambalo wageni wengi hawalifikirii. Baruti ikipata joto, huungua kwa haraka zaidi na shinikizo ndani ya chemba hupanda. Oktoba moja huko Rungwa, mgeni aliacha mkanda wake wa risasi juu ya boneti ya gari tangu saa nne asubuhi. Saa nane mchana akampiga kongoni. Kongoni alianguka, lakini bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, haikuinuka. Nilimwomba bunduki, nikapiga mpini wa bolti kwa kiganja mara tatu ndipo ikafunguka. Ganda lilipotoka nilimwonyesha kitako chake: palikuwa na alama ya duara inayong'aa, pale shaba iliposukumwa na kubonyea kwenye tundu la kidole cha kutolea ganda, na maandishi yalikuwa yamelalia kama sarafu iliyochakaa. Yule alikuwa kongoni aliyekwisha kufa. Fikiria angekuwa nyati, na wewe unahitaji risasi ya pili sasa hivi.

Waingereza walilijua hilo mapema. Baruti yao ya zamani iliyoitwa kodaiti ilikuwa na hasira sana kwenye joto, hivyo risasi walizozitengeneza kwa ajili ya India na Afrika walizipa maganda makubwa kupita kiasi, ili shinikizo libaki chini hata jua likiwaka. .416 Rigby ya mwaka 1911 ina ganda nene kama kidole gumba kwa sababu hiyo. Baruti za siku hizi ni tulivu zaidi, lakini sheria ya kivuli haijabadilika. Risasi zako zikae kivulini, mfukoni mwako au ndani ya sanduku, kamwe zisikae juu ya dashibodi.

Sasa nije kwa Mjerumani, maana risasi yake ina undugu na nchi yetu. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, alitoa 9.3x62 mwaka 1905, Ujerumani ikiitawala Tanganyika kama sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mkulima au afisa aliyeletwa huku alihitaji kitu cha kumtosha kwa pofu leo na tembo kesho, lakini hakuwa na pesa za bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili, iliyotengenezwa kwa mkono. Bock alichofanya ni kutengeneza ganda linaloenea kwenye Mauser 98 ya kawaida, ileile ambayo viwanda vilikuwa vikiitoa kwa wingi. Kichwa cha gramu 18.5, kasi ya mita 650 na kidogo kwa sekunde, bei ya mtu wa kawaida. Ilienea haraka. London ikajibu mwaka 1912, Holland & Holland walipotoa .375, yenye kichwa cha gramu 19.4 kinachoenda karibu mita 770 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, hiyo ni jouli 5,700 na ushee, dhidi ya jouli 4,000 hivi za 9.3x62 ya zamani. Risasi za 9.3x62 za kisasa zimepunguza pengo hilo, ila hazijalifuta. Kwa hiyo Mmarekani kuiita ya makumbusho amekosea, kwa sababu Ujerumani, Sweden na Finland inatumika kila msimu. Mjerumani kusema hakuna nyingine amekosea pia.

Kitu cha mwisho kinachofanya risasi ipendwe ni duka. Risasi inayouzwa kila mahali hununuliwa, na inayonunuliwa huagizwa tena. Kynoch, kiwanda cha Uingereza, kilipoacha kutengeneza zile risasi kubwa miaka ya 1960, wawindaji wengi walibaki na bunduki nzuri wasizoweza kulisha. .458 Winchester Magnum ya Marekani, iliyotoka mwaka 1956, ikachukua nafasi kwa kuwa sanduku lake lilipatikana. Usiidharau sababu hii. Nimemwona mtu mwenye bunduki ya thamani kubwa akikaa kambini msimu mzima kwa kukosa risasi ishirini.

Najua kuna hadithi utaletewa wakati wa chai, nami niiseme kabla. Watakuambia kwamba W. D. M. Bell, yule aliyewinda Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa 7x57 ndogo. Ni kweli. Alitumia vichwa virefu vilivyo imara visivyopasuka, na alisoma fuvu la tembo mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande. Tena alichagua mwenyewe wakati wa kupiga. Kazi yako wewe ni nyingine. Mwindaji bingwa hupiga pale mgeni alipokwisha kukosea, mnyama anakuja, majani yako kifuani, na huna la kuchagua. Asikupime mtu kwa Bell.

Basi ununue ipi? Kwa kazi unayoitaka, kanuni zetu zinakutaka usiwe chini ya .375 kwa nyati na tembo, kwa hiyo 6.5x55 na .30-06 zinatoka mezani kama bunduki yako ya kazi, ingawa zote mbili ni nzuri kwa swala na kongoni. Ninakushauri .375 H&H. Inapatikana, ganda lake lina bega lenye mteremko mrefu kwa hiyo linateleza ndani ya chemba bila kukwama, na ukiweka kichwa kinachofaa utapiga hata tandala wa mbali nayo. Wazee wa fani watakuambia .416 au .458 inamsimamisha nyati vizuri zaidi, na wako sahihi. Lakini .375 tayari inakupiga bega karibu mara mbili ya .30-06, na kijana anayeanza na .458 mara nyingi hujifunza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Tabia hiyo nimeishuhudia ikichukua miaka kutoka. Anza na .375, piga risasi nyingi uwanjani, ukisimama, ukiegemea fimbo, ukiwa umetoka kukimbia. Ukifika mwaka wa tano na bado unataka kubwa zaidi, utakuwa unajua kwa nini.

Gharama ya bunduki usiitazame peke yake. Hesabu na risasi mia mbili za mazoezi. Kama pesa haitoshi yote mawili, chukua bunduki ya bei ya chini zaidi, ubaki na risasi.

Mauser ya babu tuizungumze kwa makini. Bunduki hairithiwi kama shamba. Leseni ilikuwa ya marehemu, na imeisha pamoja naye, hivyo kila siku bunduki hiyo inapokaa nyumbani bila taarifa, baba yako yuko hatarini kisheria. Mwambie baba, kwa heshima, aende kituo cha polisi cha wilaya na cheti cha kifo na kitabu cha leseni ya babu, atoe taarifa na aulize utaratibu wa kuikabidhi. Aende kwanza bila bunduki, wamwelekeze namna ya kuileta. Wewe unaweza kuomba umiliki wako mwenyewe baadaye chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Wakati huo wote msiipige, hata moja, hata kwa kujaribu. Bunduki yenye umri huo inaweza kuwa na kutu ndani ya mtutu usiyoiona, au mtu aliwahi kuichonga chemba upya kwa risasi nyingine bila kufuta maandishi. Wajerumani walifanya hivyo sana baada ya Vita Kuu ya Kwanza: bunduki nyingi za 8x57 zilichongwa zikawa 8x60 kwa sababu raia walizuiwa risasi za jeshi. Ukipata kibali, ipeleke kwa fundi bunduki mwenye leseni aivue, apime chemba na aangalie meno ya bolti kwa lenzi. Picha ya simu haitoshi, hata ukinitumia mimi.

Na fundi akisema ni nzima, bado kuna kipimo: milimita 9.3 ni .366 ya inchi. Haifiki .375. Zipo nchi zilizoandika kanuni zao kwa namna inayoiruhusu kwa nyati, kama Zimbabwe, ambayo kikomo chake ni milimita 9.2 pamoja na nguvu ya jouli 5,300, na hapo inahitaji risasi kali za kisasa ambazo mtutu wa babu haupaswi kulishwa. Hapa kwetu usitegemee neno la mtu kambini. Nenda ofisi ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, iliyo karibu nawe, uliza kama inakubalika na kwa wanyama gani, na uombe jibu kwa maandishi. Ukiwa hapo waulize pia wanataka kipindi gani cha mafunzo chini ya mwindaji bingwa kabla ya mtihani, maana miaka yako sita ya kufuatilia nyayo huenda ikahesabiwa, na ukichelewa kuuliza utakosa msimu.